Chini ya Elfu Moja

Satenik aliandika ubavuni mwa gari kwa mkono wake,
rangi nyeupe, brashi yake ya kucha:
MANVEL, FUNDI WA MAMBO MADOGO.
Na chini, kwa kuwa sheria yataka hivyo:
SINA LESENI YA UKANDARASI.
Akarudi nyuma hatua mbili, akacheka.
"Sijapata kuona mwanamume
anayetangaza asichonacho."

Basi nikazunguka nacho Glendale nzima, hicho nisichonacho.
Kwenye taa nyekundu mtoto alikisoma kwa sauti,
silabi kwa silabi,
mama yake akapandisha kioo.

Sheria naijua kama nijuavyo kisanduku cha vyuma,
hata gizani mkono unakwenda wenyewe:
kazi nzima isifike dola elfu moja,
jasho langu na mbao za dukani katika mzani mmoja;
isiwe kazi ya kuombewa kibali;
na nisiajiri mtu.
Nikiikung'uta yote, linabaki hili:
ufa naruhusiwa kuuziba,
ukuta sina ruhusa kuujenga.

Mpwa wangu Arsen nilimrudisha kwao mwezi Machi.
Alikuwa akinishikia ngazi tu.
"Kushika ngazi nako ni ajira?"
Nikamwambia, ukilipwa ni ajira.
"Basi usinilipe."
Nikaviangalia viatu vyake.
Tangu siku hiyo ngazi naifunga kwa kamba
kwenye milimau ya watu.

Bi Catapang ana kibaraza kinachooza.
Vidato vitatu, reli, na mlango
uliogoma kufunga tangu mvua za Februari.
Nikapima, nikapiga hesabu nyuma ya bahasha:
elfu moja mia moja na arobaini.
Akanimiminia kahawa.
"Mwanangu Manvel, leo nifanyie vidato, chukua mia sita.
Wiki ijayo uje kama mgeni, umalizie.
Nani atajua?"

Kuikata kazi moja vipande viwili
ili kila kipande kipite kwa kuinama,
hilo nalo limeandikwa,
kana kwamba aliyeandika alikuwa ameketi nasi pale mezani
akikoroga sukari.

Nilisita. Sitasema uongo.
Kodi ya nyumba ilikuwa Ijumaa.

Lakini nilikuwa na miaka tisa kule Gyumri, Desemba ile.
Ukuta wa shule yetu haukuanguka kama ukuta,
ulimwagika.
Baba aliuchota kiganjani, akausugua kwa kidole:
mchanga, mchanga.
Saruji imeliwa na mtu.
Na mtu huyo, siku moja, mbele ya kikombe chake,
aliambiwa vilevile.

Haya sikumwambia Bi Catapang.
Vidato vitatu si ghorofa; angenijibu hivyo, na angesema kweli.
Nilimpa namba ya Hovsep, mwenye leseni,
ambaye hutoza mara mbili na huja amechelewa.
Nikitoka, nikadondoshea bawaba mafuta,
matone mawili, bure.
Sijui hayo yamo katika kifungu gani.

Usiku nasoma kwa ajili ya mtihani.
Maswali nayaweza: waya, mifereji, mzigo juu ya boriti.
Kinachonishinda ni fomu.
Inataka miaka minne ya kazi, na mtu wa kusema,
ndiyo, nilimwona akiifanya.
Msimamizi wangu wa Gyumri yuko makaburini.
Na hapa miaka yangu minne nilimfanyia Hovsep,
pesa mkononi, bila karatasi.
Akitia sahihi, amejishtaki.
Simu zangu hapokei.

Leo saa tatu usiku amepiga yeye.
Anauliza reli ya Bi Catapang ina urefu gani,
maana mkanda wa kupimia ameusahau.
Nikamtajia, kwa inchi.
Kisha nikanyamaza, naye akanyamaza,
nikamsikia akivuta sigara hadi mwisho.
"Hiyo fomu yako," akasema, "ilete. Nitaisoma.
Sijasema nitatia sahihi."

Satenik ameshatoka nje na tochi.
Amekagua ubavu wa gari, amerudi na baridi mikononi.
Anasema itakuwa herufi moja tu:
ile S, kuwa N.