Ng'onda wa Serikali
Saskachewani, 1934

Tuliomba mbegu. Treni ikatuletea samaki:
mapipa manne ya ng'onda, wagumu kama ubao,
kwa watu wasioijua bahari hata kwa ndoto.
Karani akafungua daftari, tukatia dole gumba
mmoja mmoja, macho chini, kama wezi waliosamehewa.

Vasil Hrinchuk wake aliwapigilia misumari
kuziba tundu la banda la kuku.
"Serikali imefaa," akasema, "upepo hauingii."
Tukacheka. Vumbi likatujaa menoni.

Mama hakuwa na miiko.
Aliwaloweka siku tatu, akimwaga maji, akitia mengine,
na maji yenyewe tulikuwa tukiyapima kwa kikombe.
Akawapika na kiazi kimoja.
Usiku ule tulilala watano, hakuna aliyelia.

Sasa wajukuu, wenye shule zao, wananiuliza:
msaada ule ulifaulu?

Mvua haikuja kwa treni.
Bei ya ngano haikupanda hata senti.
Benki ilichukua shamba la Vasil,
na banda, na samaki wake ukutani.

Waandike watakavyo.
Mimi hadi leo
nikinywa maji, naonja chumvi.