Kopo la Aichi

Miaka thelathini na mmoja nilionja kahawa
hapa Moshi, meza ndefu, vikombe vyeupe,
kijiko mdomoni, mate kwenye ndoo.
Ningeweza kukwambia gunia lililala jirani na mafuta ya taa
kabla mwenye gunia hajavua kofia.

Kwa hiyo Aichi aliponitumia kopo
(binti yangu; huko Ujapani alikokwenda kusomea mashine
jina lake ni jina la mkoa mzima, wanamcheka)
sikutaka maelezo ya mtu.
Kopo lenyewe la kujaa kiganjani, kama yai la bata.
Ndani unga wa majani ya chai,
kijani cha jani la mgomba
lililojikunjua asubuhi hiihii.

Nikasema: hiki ni cha wageni.

Mnalijua kabati la wageni.
Ufunguo wake uko penye pindo la kanga ya Mama Aichi.
Lina birika ambalo halijawahi kumimina kitu,
glasi sita za harusi yetu, bado sita.
Kopo likakaa humo, Januari hadi Desemba,
nyuma ya kioo, jua la saa tisa likiligonga,
na rafu ya chini, dagaa wa Mwanza.

Desemba ukoo ukapanda kutoka Dar.
Nikafungua mbele ya mashemeji.
Rangi: kaptula ya shule iliyofuliwa mihula mitatu.
Harufu: nyasi za juzi,
na, Mungu anisamehe, dagaa.
Shemeji Ndetaramo alikunywa hadi chini,
akafuta sharubu, akasema, "Dawa nzuri hii.
Ni ya tumbo?"
Mimi, ulimi wa mnada mzima,
nikatazama viatu vyangu.

Kopo la pili limefika Jumanne, na barua.
*Baba, hii haingoji kama kahawa ghalani.
Itazame: ikianza njano, imeshakwenda.
Isugue kidoleni, iteleze kama poda ya mtoto;
ikikwaruza, hiyo ni ya kuokea keki.
Na usiifiche.*

Bakuli lao sina. Nina la mtori.
Fagio lao la mwanzi sina;
nimechana ufito mwenyewe, njiti arobaini na mbili,
tano zikavunjika, Mama Aichi akauliza kama nafagia mchwa.
Unga naupitisha kwenye chujio la maziwa,
maana mabonge yakishaingia majini hayasikii la mtu.
Siku ya kwanza nilimwagia maji yanayotokota
kama mtu anayenyonyoa kuku.
Chungu! Shubiri ina nafuu.
Siku hizi naepua birika, natoka uani,
naangalia kama Kibo imevua wingu.
Ivue, isivue,
nikirudi maji yako tayari.
Kisha kiwiko kitulie, kifundo ndicho kiende,
mbele nyuma, mbele nyuma,
si kusonga ugali,
hadi povu lifunike uso wote.

Kopo linalala kwenye friji,
ndani ya mfuko, ndani ya mtungi, mbali na vitunguu.
Likitoka silifungui papo hapo.
Linakaa mezani lizoee joto la nyumba,
la sivyo litatokwa jasho ndani kwa ndani.
Umeme ukikatika, mlango wa friji haufunguliwi;
maziwa na yavumilie.

Jana Mama Aichi alisikia njiti zikikwaruza bakuli.
"Nani anakuja?"
Nikamwambia, "Kaa."
Akanitazama kitambo.
Akafungua pindo la kanga,
akafungua kabati,
akatoa glasi mbili, akapuliza vumbi la miaka arobaini.

Tukanywa. Hakusema nzuri, hakusema mbaya.
Mdomo wake wa juu ulikuwa kijani.

Glasi moja imepata ufa kwa joto.
Sasa ziko tano,
na kopo limefika nusu.