Mstari wa Barabara ya Nane

Nilishika ncha moja ya futikamba,
Afisa Shekilaghe akashika ya pili,
tukapima Barabara ya Nane, Ngamiani,
kutoka kwa Kaoneka fundi baiskeli
hadi lile ghala la mkonge lisilo na mlango.
Miaka mingapi halijapokea mzigo?
Popo ndio makuli wake siku hizi,
wanaingia zamu saa kumi na mbili jioni.

Kwenye ramani mstari ni mwekundu,
mwembamba, uzi wa cherehani.
Ndani yake: Eneo la Uhuishaji.
Nje yake: mji.
Nao umepita katikati ya barabara:
wa kulia watapata mitaro, taa,
mawe ya kukanyagia, mkopo wa rangi na bati;
wa kushoto watapata kutazama.

"Hebu nieleze," akasema Mwanahamisi Mgaza,
mikono imejaa unga hadi viwiko,
"pesa za kufanya haya yote zinatoka wapi?
Manispaa hii hii iliyoshindwa kuzibua choo cha soko?"

Shekilaghe alivua kofia. Akaeleza vizuri, nasema kweli:
kodi ya majengo ya mwaka huu tunaiwekea alama;
eneo likipendeza, thamani ikapanda,
kile kilichozidi alama hakiendi kununua viti vya ofisini,
kinarudi humu humu, kujenga humu humu.

Mwanahamisi akacheka. "Baba, hiyo ni chachu.
Kila usiku nabakiza donge, nalifunika kitambaa,
alfajiri linaumua unga mpya.
Maneno yote hayo, kumbe chachu!"

Wiki ile ile, kwenye baraza la madiwani,
nilimsikia Shekilaghe: "Waheshimiwa, chukueni mfano wa chachu..."
Wakagonga meza.
Jina la mwenye mfano lilibaki tanurini.

Na swali lake la pili halikufika kikaoni kabisa.
Aliliuliza akiwa ametupa kisogo, akichochea kuni:
"Unga ukiumuka ukajaa beseni,
unaomwagika ni upi?
Mimi nimepanga. Mwenye nyumba yuko Mombasa,
hajui hata kama ukuta huu una ufa,
lakini taa za barabarani ataziona kutoka huko huko."

Shekilaghe akatazama saa.

Asubuhi ya kupima mara ya pili
tukamkuta Kaoneka amehama.
Meza, pampu, karai la kutafutia pancha,
na rimu aliyoitundika iwe kibao cha biashara,
vyote vimevuka barabara usiku.
Hatua sita.
"Sasa nimo?" akauliza, bado anahema.
"Haiwezekani. Hapo ni njia ya watembea kwa miguu."
Kaoneka akaanza kurudisha vitu, kimoja kimoja,
bila ugomvi, na hilo ndilo lililonichoma.

Basi nikaenda na ncha yangu.
Bwana mkubwa alikuwa ameinamia daftari, hesabu zinamgomea,
nami nikasogea kushoto, taratibu,
hatua sita, na mbili za sadaka,
nikakita kigingi.
Ramani haikupiga kelele.

Leo mstari wetu una kibiongo.
Mhandisi kutoka Dodoma aliuwekea kidole:
"Hapa mbona umepinda?"
Nikasema, "Kuna mtaro."
Hakuna mtaro pale. Utakuwepo.

Nilidhani Mwanahamisi atanipa mkate wa bure.
Alinihesabia chenji yote, hadi hamsini ya mwisho,
akasema: "Umemwingiza Kaoneka besenini.
Haya. Sasa kaa karibu,
uutazame mkono wa anayekanda."