Viatu vya Kukimbia Pole

Jumatatu, miguu yangu haijibu salamu.
Jana niliidai kilomita ishirini na moja,
ikanilipa zote, mpaka ule mlima wa mwisho,
na leo nashuka ngazi za ploti kinyumenyume,
nimeshika reli kama mtu anayetoroka na kodi.

Soko la Toi, saa nne. Musembi amefungua belo.
Juu ya turubai ameanika viatu vya kushoto peke yake,
vya kulia amevikalia ndani ya gunia.
"Mwizi hana haja na mguu mmoja," asema.
Namwambia nataka vya kukimbia pole.
"Pole?" Ananitazama toka kichwani hadi kisiginoni.
"Watu huja hapa kununua mbio."

Ananipa vyembamba, vyekundu, vyepesi kama ahadi,
vyenye bamba gumu tumboni.
Hivyo ninavyo, Musembi.
Hivyo ndivyo vilivyonileta kwako nikichechemea.
Nipe kinene. Nipe kile kijana wako anachokiita mkate.

Nabonyeza soli kwa kidole gumba, kama anayepima parachichi.
Ikizama isirudi, sponji imekufa;
isipozama kabisa, ilikauka kabatini huko ng'ambo.
Natafuta ile inayokubali,
kisha ikakataa polepole.
Nakisimamisha kiatu mezani, nakitazama kwa nyuma:
kikilalia upande, mwenyewe alilalia huko,
nami sina nafasi ya kurithi goti la mtu.
Na mguu wa jioni si mguu wa asubuhi;
mbele ya dole naacha pumzi ya ukucha mmoja.

Ndipo nikaiona jozi ya zambarau.
Mbaya, kusema kweli. Imeumuka kama mahamri.
Mifereji ya soli bado ina makali yake,
na chini ya ulimi, kwa wino wa bluu:
*Ingrid. 14.*

Nimefanya kazi wodini miaka kumi na tisa.
Najua viatu vinavyoandikwa namba ya chumba.
Mtu alimnunulia ili aanze kutembea,
akachagua vinene, akachagua na rangi.
Labda alitembea. Labda alitembea sana
akaenda kununua vingine.
Sikumwambia Musembi. Nilibishana bei tu,
bila moyo, hadi elfu moja mia nane,
akainuka, akanitolea cha kulia.

Jumanne, alfajiri ya Julai, vidole vimekufa ganzi.
Njia ya vumbi nyuma ya uwanja wa Jamhuri.
Vijana wa klabu wananipita kama upepo wa mlango,
"Mathe, songa!"
Ananipita mzee na mkokoteni wa mitungi ya maji,
na mitungi imejaa.
Zamani ningeona haya.
Zamani ningemfukuza, mkokoteni na yote,
nikalipa Alhamisi.

Leo kipimo changu ni sentensi moja:
nikiweza kuisema nzima bila kuikata kwa pumzi,
mwendo ni halali.
Kwa hiyo nasema. Naanza na hali ya anga,
na bei ya unga, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani
aliyeomba chai jana, baada ya siku tisa.
Chini yangu zambarau inapokea, inarudisha,
inapokea.

Ingrid, nasema, hapa pana tope.
Tupitie pembeni.