Chai ya Usiku wa Nne

Mlima uliposhuka haukubisha hodi.
Ulichukua jiko, ulichukua banda la nguruwe,
ukamchukua Zorama, mwana wa pekee wa Biaksangi,
aliyekuwa amerudi ndani kufuata kiatu kimoja.

Kwetu Mizoram, huku juu ya Serchhip,
nyumba ya msiba haiachwi ilale peke yake.
Vijana walichimba kaburi kabla ya giza.
Sisi tukavua viatu mlangoni,
tukaketi, migongo kwenye ukuta wa mianzi.
Usiku wa kwanza, kimya.
Wa pili, kimya.
Wa tatu ilisema mvua tu, juu ya bati.
Naapa, siku zile tatu tulikuwa marafiki wema.

Usiku wa nne Lianhnuna, mzee wa kanisa, akakohoa.
Nakijua kikohozi kile: ni mlango unafunguliwa.
Akasema Mungu humchapa ampendaye.
Rothuami akasema, labda lipo jambo, dada,
jambo dogo tu, halijatubiwa. Jichunguze.
Nami, usinihurumie,
nami nilikuwa nimeshika kikombe cha chai,
chai yake, aliyoipika mwenyewe
kwa mikono yenye tope bado kwenye kucha,
nikasema: Angalau hakuteseka.

Nani aliniambia?
Nilikuwepo kule chini ya udongo?
Ulimi hauna mfupa,
lakini wangu usiku ule ulivunja mfupa wa mtu.

Biaksangi hakulia.
Alivikusanya vikombe vyetu, kimoja kimoja,
vikiwa bado nusu,
akavimwaga nje gizani.
Kisha akasimama pale kizingitini
akasema na Mungu, si nasi:
Ulikuwa wapi?
Wewe uliyelisimamisha jua watu wamalize vita yao,
kilima kimoja kilikushinda?
Dakika moja tu. Kiatu kimoja tu.

Lianhnuna aliita kufuru.
Tuliondoka, na njiani tukamsema,
tukimtetea Mungu kama mawakili
ambao hakuna aliyewaajiri.

Yule mgonjwa wa majivuni, mwenye majipu,
nilifundishwa tangu utotoni kumpenda kwa subira yake.
Sura za katikati nilizipita upesi
kama mtu apitavyo nyumba yenye mbwa.
Mwezi ule nilizisoma, taa ya betri ikififia.
Nikamkuta analalamika, kurasa kwa kurasa, bila adabu,
na mwishowe hasira ya Mungu inawashukia
wale waliokuwa na majibu.
Nilijikuta humo. Jina tu ndilo halikuandikwa.

Sijamtaja Kapthianga, msuka vikapu.
Ana kigugumizi; kanisani hatumpi zamu ya kuomba,
maana amina yake huchelewa na wali unapoa.
Yeye kila alfajiri alikwenda kwenye lile poromoko
na jembe lisilo na mpini mzuri.
Siku ya kumi na tisa alikipata kile kiatu.
Alikiosha mtoni, akakikausha juu ya moto wake,
akampelekea mama kwa mikono miwili
na akashindwa kutamka hata neno pole: po, po,
mpaka yule mama akalimalizia mwenyewe,
akalia, hatimaye,
na Kapthianga akalia naye, bila kigugumizi.

Jana nimepanda kwa Biaksangi.
Sikubeba mstari wowote wa Maandiko.
Nilisema: Nilisema vibaya juu ya mwanao,
na juu ya Mungu wako. Niombee.
Maana ndivyo ilivyokuwa hata zamani zile:
aliyeumizwa ndiye aliyetakiwa kuwaombea
marafiki zake.

Alitazama kiatu, kiko rafuni karibu na chumvi.
Leo siwezi, akasema.
Mvua ikaanza.
Akasogeza kigoda kwa mguu.
Kaa, akasema.
Nikakaa.