Vikombe Mezani, Bremerton

Baba hakuwahi kushika usukani wala bunduki.
Miaka ishirini na miwili alibeba sinia.
Walimtoa Ilokos angali kijana wa miaka kumi na tisa,
wakampa koti jeupe na kitambaa cha mkononi:
kazi yako ni kahawa ya mkubwa. Isipoe, isimwagike.
Akasimama nyuma ya bega la mkubwa,
na kutoka pale, bila kuulizwa neno,
akaiona bahari nzima ikipangwa.

Mvua ikigonga dirisha la jikoni
alituita, mimi na Ligaya wangu, tuondoe sahani.
Akaweka bakuli la sukari katikati.
"Huyu ndiye mama. Mgongoni uwanja wa ndege,
tumboni petroli. Cheche moja tu."
Akamzungushia vijiko.

"Mwanzoni kila mama alikuwa na duara lake,
huyu hapa, yule kule.
Ndege za adui zikishuka kila mmoja anapinda kivyake,
vijiko vinahangaika nyuma
kama watu waliopotezana sokoni.
Siku moja nikimimina, nikainua macho:
pale palipokuwa na meli pana moshi.
Kahawa haikumwagika. Kwa hilo nilisifiwa."

Akanyamaza. Akafuta meza mahali palipokuwa pakavu.

"Kisha wakajifunza." Akavuta sukari, chumvi,
kopo la maziwa, birika lenye ufa,
wote wanne katikati, vikombe vyetu vikawa ukingo.
"Sasa mkubwa akisema geuka, wanageuka kwa pumzi moja,
meli ishirini, usiku, bila taa,
rada ikihesabu nani yuko wapi,
mizinga yote ikitazama nje.
Kidole kimoja hakivunji chawa."
Ligaya, miaka saba, akauliza chawa ni nani.
Baba akamtazama muda mrefu.
"Vijana. Rika la mjomba wako. Nao walikuwa na mama zao."

"Halafu likaja lile bomu." Akafungua kiganja juu ya meza,
akakishusha polepole,
kivuli kikameza sukari, chumvi, vikombe vyote.
"Penye wengi pana mengi. Duara zuri, shabaha nzuri."
Akaanza kuvitawanya: kimoja kando ya jiko,
kimoja juu ya friji, kimoja dirishani.
Usiku, alisema, waliwasha taa za meli ya abiria,
na mama akapita kwenye njia za mizigo
kama bibi anayekwenda harusini,
redio kimya, hata kikohozi hakuna.
"Nilisimama na sinia langu, pande zote maji.
Nikauliza, bwana, wenzetu wako wapi?
Akasema: wapo."

Leo Ligaya anakaa katika chumba cha buluu kisicho na dirisha,
ndani kabisa chini ya sitaha, akipanga nukta kwenye kioo.
Wenzake wako maili mia, maili mia mbili.
Hawezi kuniambia bahari gani.
Barua yake ya mwisho ilisema wali wao haujaiva.

Na baba, tangu Mei, anasahau.
Naokota vikombe: kimoja bafuni,
kimoja ndani ya kiatu,
kimoja kwenye ngazi, kimejaa, kimepoa.
Kila jioni nilivikusanya nikavirudisha kabatini,
nikinung'unika, vishikio vyote upande mmoja.
Jana usiku nimemkuta sebuleni, gizani,
kitambaa mkononi, mgongo wima, anasikiliza.
"Baba, unatafuta nini?"
"Wote wako mahali pao," akasema. "Usiwashe taa."

Sikuwasha.
Tulisimama hivyo, yeye na mimi,
hatua sita kati yetu.