Hiki, Siyo Huyu

Uyole, mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi.
Umande umekuwa chumvi juu ya boneti,
nami nimesimama mikono kwapani
mlangoni pa gereji ya Subilaga.

Nimemweleza yote, isipokuwa moja.
Kwamba nilipanda Mlima Nyoka kwa gia ya tatu,
Subaru langu la buluu iliyochujuka,
turbo ikipiga mluzi kama mchunga mbuzi,
na kule juu niliondoa mguu
gari lisiondoe wake.
Matako ya lori la viazi yakakua kiooni, yakakua.
Nikazima swichi. Usukani ukawa jiwe la kusagia.
Nilisimama kwenye changarawe
nikiyasikiliza magoti yangu.

Throto hii niliagiza kwa simu.
Ilikuja katika boksi lisilo na jina,
pana milimita sabini, inang'aa kama sufuria ya harusi.
Ile ya kiwandani, iliyochoka lakini tiifu,
nimeifanya kizuizi cha mlango wa jikoni.

Subilaga hajibu. Anavua bomba la hewa,
anapitisha kidole cha shahada kwenye koo la chuma,
anasukuma kipepeo. Kinafunguka.
Anakiachia. Kinarudi, kinarudi,
kinaganda hatua moja kabla ya nyumbani.

"Huyu amechoka?" nauliza.

"Hiki. Kipepeo cha gari hakina roho.
Ukikiita huyu utakihurumia,
na ukikihurumia utakimwagia mafuta."

Nilishakimwagia. Mafuta ya cherehani,
dawa ya kabureta, hata grisi, Mungu anisamehe.
Anafuta ule uji mweusi kwa kitambaa chenye petroli,
ananionyesha kitambaa, hasemi neno.

Springi nzima. Waya unateleza.
Basi anachukua spana namba kumi na mbili
anazifuata bolti nne za kwenye manifoldi.
Ya kwanza inalia, kriii,
jirani anachungulia akiwa na mswaki mdomoni.
Analegeza zote nne, nusu mzunguko tu,
anasukuma tena kipepeo.

Tak.

Kimefika.

"Nani alikaza hizi?"

Hilo ndilo moja nililolificha.
Nilikaza mimi, usiku, kwa tochi ya simu,
nikaongezea bomba kwenye mpini wa spana,
maana kitu cha bei ile niliogopa kitatoroka.

"Alumini ni laini," anasema. "Ukiikaba,
duara linageuka yai.
Sasa kitu cha duara kilale vipi ndani ya yai?"

Hapo ningelipa niondoke. Yeye bado.
Analegeza vile viskrubu viwili vya kwenye ubawa,
vidogo kama punje za mtama,
ameziba koo kwa tambara kimoja kisitumbukie.
Anakiacha kipepeo kijifunge, kijitafutie pa kulala.
Anaiinua throto kuelekea jua linalochungulia mlimani:
mwanga mwembamba, sawasawa pande zote,
kama mwezi uliosahau kuandama upande mmoja.
Tone la gundi kwa kila skrubu.
Bolti ya kikomo, robo mzunguko.
Zile nne anazikaza kwa kupishana, pembe kwa pembe,
kwa mkono mtupu wa spana,
anasimama mapema kuliko ningeweza kuvumilia.

"Imetosha?"
"Wewe unataka itoshe au unataka ife?"

Saa nne nilikuwa Mlima Nyoka.
Gia ya tatu, mluzi wa turbo,
wanawake wa karoti wakishika khanga zao.
Juu kabisa, mahali pale pale,
niliondoa mguu,

na gari likaondoa wake.

Niliegesha pembeni nikampigia.
"Fundi, amerudi!"

"Kimerudi," akasema, akakata.